Kiu ya Bustani na Maji ya Ruvu

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha na upepo wa kusi kushika zamu yake, bustani za nyumbani katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam huanza kubadilika rangi. Ukoka uliokuwa kijani kibichi mwezi wa Mei huota madoa ya manjano mwezi wa Julai, na ifikapo Septemba sehemu zisizomwagiliwa huwa zimekauka kama makuti. Ndipo mipira ya maji hutolewa stoo. Toka Tegeta na Bunju katika Kinondoni hadi Mbagala na Toangoma katika Temeke, mpira hutandazwa katikati ya uwanja wa nyasi, bomba hufunguliwa, na mwenye nyumba huendelea na shughuli zake. Pale ambapo maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe huangukia usiku, mpira huachwa wazi hadi usingizi unapowachukua watu wote wa nyumbani. Asubuhi hukutwa kijito kikitiririka kutoka langoni kuelekea barabarani.

Ukimwuliza mwenye bustani humwagilia kiasi gani, atajibu kwa muda: saa moja, saa mbili, au mpaka udongo ulowe. Majibu hayo hayana kosa la adabu, lakini hayasemi lolote juu ya mahitaji ya nyasi. Saa mbili za bomba lenye msukumo dhaifu huko Goba mlimani si sawa na saa mbili za bomba lililo karibu na bomba kuu. Wala udongo uliolowa juu hauonyeshi kilichotokea sentimita 20 chini yake, ambako ndiko iliko mizizi. Jambo la kushangaza ni kwamba swali lenyewe ni jepesi kulijibu kwa hesabu ya darasa la sita, kopo tupu na rula.

Maji yanayomwagwa katika bustani hizo hutoka mbali. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka katika mto Ruvu, ambao vyanzo vyake viko katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, nao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976. Baada ya upanuzi uliofanywa katika miaka ya 2010, mtambo wa kwanza uliwezeshwa kutoa lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270. Viwango hivyo hutegemea sharti moja, nalo ni kwamba mto wenyewe uwe na maji. Ruvu hujaa mwezi wa Aprili na Mei, kisha hupungua mfululizo mpaka vuli inaponyesha. Vuli ikichelewa, jiji huhisi mara moja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 kina cha mto kilishuka mno hata Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, yaani DAWASA, ikalazimika kutangaza ratiba ya mgao kwa jiji zima. Bwawa la Kidunda, lililokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 ili kuufidia mto nyakati za ukame, limezungumzwa kwa miongo mingi, na mkataba wa kulijenga ulitiwa saini baada tu ya dhiki hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri lote. Miezi ambayo bustani huwa na kiu kubwa kuliko yote ni miezi ile ile ambayo mto huwa mchache kuliko yote. Lita inayopotea uwanjani mwezi wa Aprili ni lita iliyokuwa ikienda baharini hata hivyo. Lita inayopotea mwezi wa Oktoba imetolewa katika ndoo ya mtu mwingine.

Yafaa kukiri pia kwamba bustani si mpotezaji mkubwa wa peke yake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji huvuja kutoka katika mabomba yaliyochakaa au huchukuliwa kwa njia zisizo halali kabla ya kufika kwenye mita yoyote, na hilo haliwezi kuponywa na mwenye uwanja wa nyasi. Hata hivyo mwenye uwanja anao uwezo juu ya bomba lake mwenyewe, na uwezo huo hauhitaji bajeti ya serikali.

Ni nani mwenye ndoo hiyo? Kati ya mwaka 1966 na 1968 wanasayansi Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, Dar es Salaam ikiwemo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Waliona tofauti kubwa mno kati ya nyumba zenye bomba ndani na zile ambazo maji yake hubebwa kichwani. Utafiti huo uliporudiwa mahali pale pale karibu miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba matumizi ya kila mtu katika nyumba zenye bomba yalikuwa yamepungua kufikia nusu hivi, kwa kuwa mabomba hayakuwa na maji ya kutegemewa tena. Na wale wasio na bomba walikuwa wakitumia takriban lita 20 kwa siku, yaani ndoo moja kwa kila mtu, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ndoo hiyo moja ni kipimo kitakachofaa katika hesabu inayofuata.

Hesabu ya milimita

Mvua hupimwa kwa milimita, na umwagiliaji nao unafaa upimwe hivyo hivyo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ukiushika uhusiano huo, yaliyobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Nyasi hunywa maji kwa mizizi, lakini ni kidogo tu kati ya maji hayo hubaki mwilini mwake. Karibu yote hupanda hadi kwenye majani na kutoka hewani kama mvuke, kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Maji mengine huvukizwa moja kwa moja kutoka katika udongo. Jumla ya mvuke huo ndiyo kiu ya bustani, na anayeamua ukubwa wake ni hewa: ukali wa jua, joto, ukavu na mwendo wa upepo. Katika pwani ya Dar es Salaam wakati wa kiangazi, hewa huweza kuchukua takriban milimita 5 kwa siku kutoka katika shamba la majani yaliyoshiba maji. Ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, pamoja na nyasi nyingine za nchi za joto, hubana matumizi. Hutosheka na kama asilimia 80 ya kiasi hicho. Kwa hiyo uwanja wa ukoka unahitaji milimita 4 kwa siku, au pungufu ya hapo katika siku za mawingu.

Na uchukuliwe uwanja wa nyumba ya kawaida wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 20. Eneo lake ni mita za mraba 200. Mahitaji yake ni lita 800 kwa siku. Hakuna njia ya kumwagilia isiyopoteza kitu. Maandishi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa kwa kunyunyiza kwa mvua ya bandia robo ya maji hayaifikii mizizi. Robo hiyo ikikubaliwa, uwanja utahitaji kupewa lita 1,070 hivi.

Sasa, bomba lenye msukumo mzuri hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Mpira ukiachwa wazi kwa saa mbili, lita 2,400 zimekwisha kumwagwa. Zaidi ya lita 1,300 hazikuhitajika. Desturi hiyo ikifuatwa kila siku kwa mwezi mmoja, ziada hufika lita 40,000, nazo ni sawa na magari manne ya boza yenye lita 10,000 kila moja, au ndoo 2,000. Watu 66 wanaoishi kwa ndoo moja kwa siku wangeweza kuishi mwezi mzima kwa ziada hiyo. Na yote hayo ni uwanja mmoja, ambao mpira wake ulifungwa baada ya saa mbili. Ule ulioachwa usiku kucha hauna haja ya kuhesabiwa.

Mchanga na mfinyanzi

Msomaji aweza kuuliza: kama udongo umepewa zaidi ya haja ya siku moja, si utayahifadhi maji kwa ajili ya kesho? Jibu hutegemea udongo wenyewe, na katika jiji hili udongo hubadilika ndani ya mwendo wa dakika chache.

Udongo ni chembe za madini na nafasi zilizo kati ya chembe hizo. Maji yakimwagwa, nafasi kubwa huyaachia yateremke kwa uzito wake, na nafasi ndogo huyashika. Baada ya siku moja hivi udongo hubaki na kiasi kile tu unachoweza kukishika. Hapo husemwa kuwa umeshiba. Mizizi huendelea kunywa hadi maji yaliyobaki yawe yameshikwa kwa nguvu isiyoweza kushindwa na mmea, na mmea ukanyauka. Maji yaliyo kati ya kushiba na kunyauka ndiyo akiba halisi ya bustani.

Mchanga una nafasi kubwa na akiba ndogo. Katika udongo wa kichanga, kama ule wa sehemu nyingi za Mbagala na za ukanda wa pwani wa Kinondoni, kina cha sentimita 10 hushika takriban milimita 8 za maji yanayonyweka. Mizizi ya ukoka uliozoeshwa kumwagiliwa kila siku aghalabu haizidi sentimita 25. Akiba yote basi ni milimita 20, na si vema kuiacha ipungue chini ya nusu. Maana yake ni kwamba uwanja wa mchanga huhitaji milimita 10 zifike mizizini kila baada ya siku mbili au tatu, wala hauwezi kupokea zaidi. Anayemwaga milimita 12 kila siku huujaza siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili karibu kila kinachozidi kiu ya siku hiyo hupita mizizi na kwenda zake chini. Mwenye bustani haoni kitu. Hakuna dimbwi, hakuna tope, na mchanga wa juu umekauka tena kufikia adhuhuri. Hudhani kwamba hakumwagilia vya kutosha, naye huongeza.

Maji hayo yanayoteremka hayaendi mikono mitupu. Huchukua samadi na mbolea ya chumvichumvi iliyoyeyuka, hasa naitrojeni, na kuipeleka kwenye maji ya chini ya ardhi. Katika vitongoji ambavyo visima vifupi viko jirani na vyoo vya shimo, maji ya chini yana matatizo ya kutosha bila ya kuongezewa mbolea ya bustani.

Udongo wa mfinyanzi, kama ule wa mabondeni, ni kinyume chake. Kina kile kile cha sentimita 10 huweza kushika milimita 15 au zaidi, hivyo uwanja wake waweza kukaa siku nne hata tano bila ya kumwagiliwa. Lakini mfinyanzi hunywa polepole: milimita 1 hadi 5 kwa saa, ilhali mchanga hunywa zaidi ya 30. Mpira uliolazwa mahali pamoja humwaga maji yake yote juu ya mita chache za mraba, kwa kasi ambayo mfinyanzi hauwezi kabisa kuipokea. Maji hutanda, hutafuta mteremko, na hapo ndipo huzaliwa kile kijito cha langoni. Dawa yake si kumwagilia kwa saa chache zaidi tu, bali kumwagilia kwa vipindi: mpira unyunyize kwa nusu saa, upumzike saa moja au mbili udongo unywe, kisha urudie.

Majirani wawili, mmoja akiwa juu ya mchanga na mwingine bondeni, hawawezi basi kufuata ratiba moja. Ushauri wa kumwagilia kila siku jioni, ambao husikika kila mahali, unakosea kwa wote wawili, ingawa kwa sababu tofauti.

Kuna faida nyingine ya kutomwagilia kila siku. Mizizi hufuata maji. Nyasi inayopata kidogo kila siku huweka mizizi yake juu, ambako jua hukausha kwanza. Ile inayosubiri kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine hulazimika kuchimba. Mizizi ya ukoka wa kichangani ikishuka kutoka sentimita 25 hadi 40, akiba yake hupanda kutoka milimita 20 hadi 32 bila ya gharama yoyote. Mabadiliko hayo yafanywe taratibu katika muda wa wiki kadhaa, kwa kuongeza siku moja ya kusubiri kila mara.

Jua, upepo na saa ya kumwagilia

Wengi huonya kwamba maji ya mchana huunguza majani, kwa kuwa kila tone hufanya kazi kama kioo cha kukuza mwanga. Imani hiyo ilichunguzwa na watafiti wa Hungaria, ambao mwaka 2010 walichapisha matokeo yao: katika majani laini yasiyo na vinyweleo, tone la maji haliunguzi. Sababu ya kweli ya kuepuka mchana ni upepo na joto. Kuanzia saa nne asubuhi upepo wa baharini huanza kukaza, nao huchukua matone madogo ya kinyunyizio na kuyamwaga juu ya ukuta, barabara na gari la jirani. Mengine huyeyukia hewani kabla ya kugusa ardhi. Kadiri matone yanavyokuwa madogo ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Ukungu mzuri wa kinyunyizio unaopendeza macho ndio upotevu wenyewe.

Saa nzuri ni kati ya alfajiri na saa mbili asubuhi. Hewa imetulia, ina unyevu, na majani yatakauka mapema jua likipanda. Jioni inafuata kwa ubora, ila majani yanayolala na maji usiku kucha hukaribisha ukungu na magonjwa yake. Kwa nyumba zinazopata maji usiku tu, lililo bora ni kuyakinga katika tangi na kuyatumia alfajiri. Tangi lina ukingo, na uwanja hauna.

Kopo, panga na unyayo

Hesabu zilizotolewa hapa ni makadirio. Kila mwenye bustani aweza kuzisahihisha kwa vifaa vya nyumbani.

Kwanza apime anachomwaga. Makopo sita au manane ya nyanya yaliyo sawa, yenye pande zilizonyooka, yasambazwe uwanjani, kinyunyizio kifunguliwe kwa dakika 15, kisha maji katika kila kopo yapimwe kwa rula. Wastani ukiwa milimita 3, basi kinyunyizio hutoa milimita 12 kwa saa. Kopo moja likiwa na milimita 6 na jingine likiwa na 1, kasoro si uchache wa maji bali mgawanyo mbaya. Na hapo wengi hufanya kosa la kumwagilia mpaka pembe kavu ilowe, huku sehemu nyingine zote zikizama. Kuhamisha kinyunyizio kunatosha. Anayetumia mpira mtupu apime muda wa kujaza ndoo, agawanye lita kwa eneo lake, naye atapata jibu lile lile, mradi mpira uhamishwe hamishwe.

Pili achungulie chini. Siku moja baada ya kumwagilia, achimbe kwa panga kishimo cha sentimita 30 mahali pasipoonekana. Udongo ufinywe kwa mkono katika kila kina. Mchanga wenye unyevu wa kutosha hufanya donge dhaifu na kuacha kiganja kikiwa na ubaridi. Mfinyanzi wenye unyevu huvingirika kama kamba. Ikiwa udongo wa sentimita 30 umelowa chepechepe, maji yamepita mizizi. Ukiwa mkavu kuanzia sentimita 8, umwagiliaji ulikuwa wa juu juu. Kishimo kimoja hufundisha zaidi ya mwezi mzima wa kutazama majani.

Tatu aache nyasi ziseme. Ukoka ulioanza kupungukiwa hupoteza mng'ao na kuelekea rangi ya majivu, na ukikanyagwa, unyayo hubaki umechorwa badala ya nyasi kuinuka. Huo ndio wakati wa kumwagilia. Hakuna madhara yaliyokwisha kutokea, na kuanza kabla ya hapo ni kuanza mapema.

Wakulima wa mchicha wa mabondeni hawahitaji sana mafunzo haya. Kila keni mbili za maji wanazomwaga wamezibeba wenyewe kutoka kisimani au mtoni, na mtu abebaye maji kwa mabega yake hamwagi juu ya njia iliyo kati ya tuta na tuta. Humwagilia kila siku, na kwa mchicha ni sahihi, kwa maana mizizi yake ni mifupi na mazao huvunwa baada ya wiki chache tu. Tuta la mchicha katika ua wa nyumba linafaa litendewe hivyo hivyo: kidogo, kila siku, kwa keni, chini ya majani.

Kuhusu udongo wenyewe, mchanga unaweza kusaidiwa. Mboji iliyooza vizuri, ikichanganywa na udongo wa juu kabla ya kupanda, huongeza nafasi ndogo zinazoshika maji. Ardhi iliyo wazi chini ya miti na maua ifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, majani au makumbi ya nazi, unene wa sentimita 5 hadi 8. Jua haliwezi tena kuugusa udongo, na uvukizaji wake hupungua sana. Makumbi, ambayo katika pwani hutupwa au huchomwa, yana sifa ya kushika maji kama sifongo. Nyasi nazo zisinyolewe hadi kwenye udongo. Urefu wa sentimita 4 au 5 huukinga udongo kwa kivuli chake na kuruhusu mizizi kushuka.

Desturi ya kupanda mgomba nyuma ya bafu la uani ni ya siku nyingi, nayo ina busara yake: maji ya kuoga na ya kufulia hupata kazi ya pili. Mgomba na mnazi huyavumilia. Mboga zinazoliwa mbichi zisipewe maji hayo, na sabuni za unga, ambazo zina chumvi ya sodiamu, huharibu udongo wa mfinyanzi zikitumika mfululizo mahali pamoja.

Maji ya paa hutajwa mara nyingi kama suluhisho, na kwa sehemu ni kweli. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 100,000. Shida ni kwamba mvua hiyo hunyesha kwa wingi katika miezi michache. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Mei likifunguliwa kwa ajili ya uwanja wa mita za mraba 200 litakauka katika siku tano. Tangi hilo hilo likitengwa kwa tuta dogo la mboga na michungwa mitatu laweza kuvusha nusu ya kiangazi. Vivyo hivyo kwa kisima kirefu, ambacho wengi walikichimba hasa baada ya ukame wa mwaka 1997: karibu na bahari maji ya visima huongezeka chumvi kadiri yanavyovutwa, kwa kuwa maji ya bahari huingia mahali pa maji baridi yaliyoondolewa. Ukoka huvumilia chumvi kiasi. Michungwa haivumilii, na kisima kikishaingiwa na bahari hakirudi haraka.

Hapana budi kuuliza pia kama uwanja wote unahitaji kuwa kijani mwezi wa Oktoba. Uwanja wa nyasi uliokatwa sawasawa ulienea huku zama za utawala wa Waingereza, nao walitoka katika nchi ya mvua nyepesi za mwaka mzima. Ajabu ni kwamba London hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu nusu tu ya ile ya Dar es Salaam. Nyasi za London husitawi kwa sababu hewa ya huko huchukua kidogo, na mvua huja kila mwezi. Hewa ya Dar es Salaam huweza kuchukua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na deni hilo hulipwa kwa mpira. Ukoka, kwa upande wake, ni mmea wa nchi za kiangazi. Ukikosa maji hukausha majani na kujificha katika mashina yake yaliyo chini ya ardhi, na vuli ikinyesha huchipua tena ndani ya siku chache. Nyasi pana zinazouzwa kwa jina la Pemba hazina uvumilivu huo, wala bustani ya maua haina. Kwa hiyo mwenye bustani aweza kuchagua: sehemu ndogo mbele ya baraza, pengine mita za mraba 40, imwagiliwe kwa kipimo, nayo itahitaji ndoo 11 kwa siku, zilizobaki zilale mpaka mvua.

Na vuli ikianza, kopo moja liachwe uwanjani mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Asubuhi likikutwa na sentimita 2 za maji, mpira hauna kazi kwa siku mbili au tatu juu ya mchanga, na kwa siku nne au tano juu ya mfinyanzi.